UKINGO WA DARI
Neno juu ya nyumba za wazee wetu



Neno letu la safari hii twalitoa katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mstari wa 8. Mlango huo una mambo mengi madogo madogo, ya ng'ombe aliyepotea, ya kiota cha ndege, ya nguo na mbegu, na msomaji mwenye haraka huuruka. Lakini katikati yake pana amri moja kwa waashi na wenye nyumba: mtu ajengapo nyumba mpya, aizungushie dari yake ukingo, asije akailetea nyumba yake damu, mtu akianguka kutoka juu.

Tuitazame vizuri amri hii. Nyumba za Wayahudi zilikuwa na dari za kutandazwa, watu wakapanda juu kupunga upepo, kuanika kitani, hata kusali. Mnakumbuka Mtume Petro alikuwa darini kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi huko Yafa alipoona yale maono. Basi dari ilikuwa kama baraza yetu. Na Mungu hakuwaambia tu kwamba mtu akianguka wamwokote, wamfunge kidonda, wamwombee. Hayo nayo ni wajibu, wala hatuyapingi. Aliwaambia wazuie kuanguka kwenyewe, siku ileile ya kujenga, kabla mtu yeyote hajapanda. Tena aliiita damu ile damu ya nyumba. Hakusema ni bahati mbaya, wala hakusema ni uzee.

Sisi hatupandi juu ya mabati yetu. Lakini twawajengea wazee wetu nyumba ambazo huanguka ndani yake, nasi twasema, "Bibi kaanguka, uzee huo." Hapo ndipo tunapotaka kukaa leo.

Yuko mama mjane mmoja katika miji yetu hii miwili, hatutasema ni upi. Watoto wake wako Dar es Salaam, ni watoto wema, wala hatuandiki haya kuwalaumu. Walijipanga, wakachanga, wakamjengea mama nyumba ya tofali za saruji na bati la rangi, madirisha ya vioo, sakafu ya marumaru inayong'aa. Msingi waliupandisha sana, maana walikumbuka maji ya masika yalivyoingia katika nyumba ya kwanza ya udongo. Siku ya kuifungua nyumba tulisali, tukala pilau, tukampongeza. Baada ya miezi michache tulipopita kumjulia hali tulimkuta amehamia jikoni, katika kibanda cha fito kilichobaki nyuma ya nyumba. Godoro lake liko hapo, na sanduku lake liko hapo.

"Mama, mbona uko huku, na nyumba ile nzuri?"

Akacheka. "Nyumba ile ni nzuri, Mwalimu, wageni wakija tunakaa. Lakini zile ngazi zinanitazama vibaya."

Ngazi zenyewe ni tatu. Kila moja ina sentimita 25 kwenda juu, bila cha kushikilia upande wa kulia wala wa kushoto. Kwa fundi wa miaka 30 si kitu, yeye hupanda na ndoo ya zege kichwani. Kwa mama wa miaka 76 mwenye goti lililovimba, ni mlima. Na akishaupanda anakuta marumaru, na marumaru yakipata tone la maji ni kama sabuni. Basi akachagua sakafu ya udongo, inayoujua mguu wake.

Twasema kweli, nyumba hii ilijengwa kwa upendo, ikasahau ukingo.

Tusidhani kwamba kuanguka kwa mzee ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba watu kama 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio wengi katika hao ni watu waliopita miaka 60. Tena zaidi ya watu wanane katika kila kumi wanakufa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Na kwa kila mmoja anayekufa wako wengi wanaovunjika nyonga, wakalala, wasiinuke tena kwenda shamba wala kanisani. Wauguzi wetu wanaijua hadithi hii: mzee huanguka usiku akienda msalani, mfupa wa nyonga huvunjika, kisha huja vidonda vya mgongoni na homa ya mapafu, na mwezi wa tatu twapiga kengele.

Maandiko nayo hayaoni haya kusimulia anguko la mzee. Eli, kuhani wa Shilo, alikuwa na miaka 98, macho yake yameganda haoni. Alikuwa ameketi kitini kando ya lango, akingoja habari za vita. Habari ilipomfikia kwamba wanawe wamekufa na Sanduku la Mungu limetwaliwa, akaanguka kwa nyuma kutoka kitini pake, shingo ikavunjika, akafa. Mwandishi wa Kitabu cha Kwanza cha Samweli aongeza sababu, kama mganga aandikavyo cheti: kwa kuwa alikuwa mzee, tena mzito. Wahubiri wengi husema juu ya dhambi za wanawe Eli, na ni haki yao. Sisi leo twauliza swali la kiserMala tu: kiti kile kilikuwa na mgongo wa kuegemea? Kilikuwa na mikono? Mwamuzi wa Israeli miaka 40, kipofu, mzito, na wakamkalisha peke yake juu ya kiti cha namna ile.

Na katika Mhubiri, mlango wa 12, uzee wenyewe umepigwa picha kama nyumba. Walinzi wa nyumba wanatetemeka, ndiyo mikono. Wenye nguvu wanainama, ndiyo miguu. Wasagao wamebaki wachache, hao ni meno. Wachunguliao madirishani wametiwa giza, nayo ni macho. Kisha atoka katika mafumbo asema wazi kwamba mzee huogopa palipoinuka, na njiani kuna vitisho. Tulipokuwa tukisomea ualimu tulifundishwa kumfahamu kwanza mtoto, ndipo kulipanga somo. Mhubiri anatupa somo hilohilo kwa mwashi: mfahamu kwanza mwenye kukaa, ndipo ukate tofali.

Sasa liko neno ambalo watu wengi watalisema, tena watu wazuri. Watasema, "Mwalimu, mambo haya ya mzee kukaa peke yake na kutengenezewa vyuma vya kushika ni ya Ulaya. Sisi Waafrika mzee hukaa na watoto wake." Tulijibu neno hili kwa heshima, maana lina ukweli ndani yake. Kwa Wamwera, kwa Wamakua, kwa Wayao na Wamakonde, ndoa ilimleta mume kwao mke, na binti akajenga karibu na mama yake. Mama akizeeka, binti yuko hatua ishirini. Hapakuwa na haja ya kuuliza nani atampelekea maji.

Lakini tuangalie miji yetu leo. Nachingwea ilikua ghafula kwa mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Reli ya kutoka pwani ililetwa kwa ajili ya karanga, nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu walikuja kutoka kila upande kwa kazi, kazi ikaisha, wao wakabaki, hawana ukoo mkubwa wa kuwazunguka. Kisha miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa vikahamisha watu na kuwapanga upya. Ruangwa ilipofanywa kuwa wilaya mwaka 1995 ikaanza kukua, wakaja makarani, walimu, wauguzi, wafanya biashara ya ufuta na korosho. Hao nao wanazeeka palepale walipostaafia. Na watoto wetu tuliwasomesha wenyewe ili waende. Wakaenda. Mmoja yuko Mtwara, mmoja Dar es Salaam, mmoja Dodoma. Sasa twashangaa nini?

Basi mzee wa mjini anabaki na njia mbili. Ya kwanza ni kuhamishiwa kwa mtoto mjini Dar es Salaam, katika chumba cha nyuma, asikomjua mtu, ambako hata kengele ya kanisa si ile aliyoizoea. Wengine hupata raha huko, tumewaona. Wengine hukaa dirishani wakihesabu magari. Ya pili ni kubaki kwake. Na kubaki kwake si uzungu, ni Biblia. Someni habari za Barzilai Mgileadi, katika Samweli wa Pili, mlango wa 19. Mzee huyu wa miaka 80 alimlisha mfalme Daudi wakati wa taabu yake huko Mahanaimu, akamletea hata vitanda na mabakuli. Daudi aliporudi katika ufalme alitaka kumlipa, akamwita aende kukaa naye Yerusalemu, katika nyumba ya mfalme. Nani angekataa? Barzilai akakataa. Akasema ulimi wake hauonji tena chakula, sikio lake halisikii tena waimbaji, ya nini awe mzigo kwa bwana wake mfalme. Aliomba jambo moja, arudi mji wake, afie karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Akamtoa kijana Kimhamu aende badala yake.

Na Daudi alifanyaje? Hakumwambia, "Mzee, unanitia aibu, watu watasema sikukutunza." Alimbusu, akambariki, Barzilai akarudi kwake. Enyi watoto mlio mbali, kumheshimu mzazi ni pamoja na kumsikiliza asemapo anataka kubaki. Ila kumwacha abaki bila kumtengenezea pa kubaki, huko ni kumtupa.

Taifa letu lilijifunza neno kujitegemea tangu Azimio la Arusha mwaka 1967, na mara nyingi tulilifundisha ubaoni. Azimio hilohilo lilikiri kwamba watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema wana haki ya kutegemea kazi ya wenzao. Katikati ya mzee anayelala kitandani na mtu mzima mwenye nguvu wako wazee wengi sana, wenye miaka 65, 70, 80, ambao wakipewa kitu cha kushika wanajipikia, wanafua, wanakuja Misa, wanalea hata wajukuu walioachiwa. Wakinyimwa kitu hicho wanalala kabla ya wakati. Tofauti ya hao wawili, ndugu zangu, mara nyingi ni kipande cha bomba la chuma na nusu mfuko wa saruji.

Serikali inayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60, na inayo makazi ya wazee wasio na mtu, kama Nunge kule Kigamboni na Fungafunga kule Morogoro. Kwa ndugu zetu wa Unguja ziko nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na tangu mwaka 2016 Zanzibar inampa pensheni kila mzee aliyefika miaka 70, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ni mambo mema. Lakini wazee wa sensa ya mwaka 2012 peke yao walipita milioni 2.5 nchini, na hakuna kambi itakayowatosha, wala wengi wao hawaitaki. Kazi iko majumbani.

Yule mwanamke tajiri wa Shunemu, katika Wafalme wa Pili, mlango wa 4, aliijua kazi hii. Alimwona Elisha akipita na kupita, akamwambia mumewe wamjengee chumba kidogo. Na akataja vitu vya kuweka humo: kitanda, na meza, na kiti, na kinara cha taa. Tazameni akili ya mama yule. Hakutaja kitu cha fahari. Alifikiri mtu akichoka atalala juu ya nini, atakaa juu ya nini, ataona kwa nini. Tukichukua vitu vyake vilevile tutafika mbali.

Kitanda. Kiwe na kimo cha kumwezesha mzee kuketi ukingoni na nyayo zake zikakanyaga sakafu zima zima, magoti yamekunjwa vizuri. Kwa wengi ni kama sentimita 45 mpaka juu ya godoro. Kitanda cha kamba kilicholegea humnasa mzee kama wavu. Mkeka wa chini nao, tunaoupenda wakati wa joto, ni rahisi kuulalia na vigumu kuuondokea. Na mkeka ule ukitandikwa njiani juu ya sakafu laini ndio utelezao.

Kiti ni hivyohivyo. Kigoda si kiti cha mzee tena. Kiti chake kiwe cha kimo kile cha kitanda, kiwe na mgongo, mkumbuke Eli, na kiwe na mikono miwili imara ya kusukumia anapoinuka. Seremala yeyote wa hapa anakitengeneza.

Taa. Jicho la miaka 60 linahitaji mwanga kama mara tatu ya jicho la miaka 20 ili lione kitu kilekile. Sisi twaweka glopu moja ndogo sebuleni na giza kila mahali pengine, hasa njiani kwenda msalani, ndipo hasa watu wanapoanguka. Taa ndogo ya sola ya kuanikwa mchana na kuwekwa usiku kwenye njia ile ni zawadi bora ya Krismasi kuliko khanga ya tano. Na swichi iwe karibu na mkono wa mtu aliyelala. Jambo jingine halina gharama hata kidogo: piga mstari wa chokaa nyeupe katika ukingo wa kila ngazi na kizingiti, jicho lipaone panapoishia.

Meza tutaiacha, kila mtu anajua meza. Tuseme jambo ambalo mwanamke wa Shunemu hakulitaja, nalo ni choo.

Watu wanaona haya kusikia choo katika gazeti la kanisa. Basi na waone haya. Mzee huchuchumaa juu ya tundu, magoti hayamwinui, hana cha kushika, anashika ukuta wenye unyevu. Wako wazee katika mitaa yetu ambao wanakula kidogo na kunywa maji kidogo makusudi, ili wasiende huko mara nyingi. Wao wenyewe hawatasema, lakini mabinti zao wanajua. Mtu kujinyima maji katika joto la Oktoba kwa hofu ya choo, hilo ni jambo la kumlilia Mungu. Na dawa yake ni nyepesi. Fundi ajenge kiti cha tofali na saruji juu ya tundu, kimo cha sentimita 45, akilainishe vizuri. Au seremala atengeneze kiti cha mbao imara chenye tundu katikati, kiwekwe juu na kuondolewa wengine wakitaka kuchuchumaa. Ukutani, upande wa mkono wenye nguvu, pawekwe bomba au mti wa mninga uliopigwa randa, unene wa kushikika kwa kiganja, ufungwe kwa misumari ya kweli iingiayo tofalini, maana mzee atautegemea kwa uzito wake wote. Mlango ufunguke kwa nje. Kwa nini kwa nje? Kwa sababu mtu akianguka chooni huziba mlango ufungukao kwa ndani, na mwokozi atakuwa nje akisukuma mwili wake. Na kwa usiku wa mvua, udongo wetu mwekundu unapoteleza, kopo la usiku lenye kifuniko chumbani si aibu.

Tunarudi kwa zile ngazi za mama yetu. Vijana hupenda kusema, "Tutaweka mteremko." Haya, tupige hesabu kama darasani. Mteremko usiomchosha mzee wala mwenye kiti cha magurudumu hutaka urefu mara 12 ya kimo. Msingi wake una sentimita 75. Mara 12 ni sentimita 900, yaani mita 9. Uwanja wake hauna mita 9. Mteremko mfupi zaidi utakuwa mkali, na mteremko mkali ni mbaya kuliko ngazi, hasa ukilowa. Basi kwake dawa ni kuzivunja ngazi tatu na kuzijenga tano, kila moja sentimita 15 kwenda juu na 30 za kukanyaga, zikwaruzwe zisiteleze, ziwe na mkono wa kushikilia pande zote mbili, kimo cha sentimita 90 hivi. Marumaru zisitupwe, yawekwe mazulia ya mpira yasiyoteleza mlangoni na bafuni, na maji yafutwe. Lakini nanyi mnaojenga sasa, fikirini kimo cha msingi kabla ya zege. Maji ya mvua huzuiwa pia kwa mfereji mzuri kuzunguka nyumba, si kwa kumpandisha mama mlimani.

Na wastaafu wenzetu tuwaambie hili. Mtumishi hupata kiinua mgongo chake akiwa na miaka 60, akajenga nyumba ya mtu wa miaka 30: chumba chake ghorofani kama anazo fedha, bafu lenye kizingiti cha juu, milango myembamba. Tujenge nyumba ya mtu wa miaka 80, kwa sababu huyo ndiye atakayekaa humo, Mungu akipenda. Mlango wa sentimita 90 hauna gharama kubwa kuliko wa 70 siku ya kujenga. Siku ya kuubomoa ndipo utakapojua.

Jikoni nako mzee huinama juu ya mafiga, moshi machoni, na upindo wa khanga unashika moto. Jiko lijengwe kwa tofali likapandishwa mpaka kiunoni, lenye bomba la kutoa moshi nje. Tusisahau kwamba huko Kanda ya Ziwa macho mekundu ya moshi wa kuni yamewaponza akina bibi, wakaitwa wachawi, wakauawa. Maji nayo: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hakuna mgongo wa miaka 70 unaoitaka. Vidumu vya lita tano, na pipa lenye bomba lililoinuliwa juu ya tofali, lijazwe na vijana mara mbili kwa wiki. Huwa mara nyingi jirani Mwislamu ndiye anayemjazia maji mzee wetu Mkristo, nasi tumeketi kanisani tukiimba. Mungu amlipe jirani huyo, na atusamehe sisi.

Sasa tuseme juu ya kanisa lenyewe. Miaka mingi iliyopita Wakristo wa Uingereza walijenga nyumba ndogo za wazee kando ya makanisa, kila mzee na mlango wake na moto wake. Ile ya Msalaba Mtakatifu huko Winchester ilianza katika karne ya 12 na bado ina wazee hata leo. Sisi hatusemi tujenge Winchester. Twasema tutazame mlangoni petu. Je, ngazi za kanisa zina mkono wa kushika? Mzee akienda kupokea Komunyo anapiga magoti ardhini, kisha anainukaje? Choo cha kanisa kikoje? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yadai majengo yanayotumiwa na watu wote yafikike. Ingetupasa kanisa liwe mbele ya sheria, si nyuma yake.

Na hapa tutasema neno zito kidogo. Mara kwa mara twaitisha mchango wa kanisa, wa mabati, wa marumaru, wa vyombo vya muziki. Watu hutoa, nasi twashukuru. Lakini Bwana wetu, katika Mathayo, mlango wa 15, aliwakemea waliosema mali yao ni wakfu kwa Mungu ili wasimsaidie baba na mama. Ikiwa mtu ana shilingi za kutoa marumaru mbele ya altare, na mama yake anachuchumaa gizani hana cha kushika, basi na aanzie chooni kwa mama yake, kisha aje. Hatudhani Padre wetu atatukasirikia kwa kusema hivyo.

Liko na jambo la wale wasio na mtoto wala ndugu, maana ukingo wa dari yao utajengwa na nani? Kitabu cha Matendo, mlango wa 6, chaonyesha kwamba Kanisa lilipokuwa bado changa kabisa manung'uniko ya kwanza yalikuwa juu ya wajane waliosahauliwa, na Mitume hawakusema hiyo ni kazi ya serikali. Waliteua watu saba wenye hekima. Umoja wa Mama wanawajua wazee hawa wote kwa majina, maana ndio wanaowatembelea. Vijana wanayo mikono. Tunao mafundi waashi na maseremala wanaokaa nasi katika mabao yaleyale kila Jumapili. Bado kuwakutanisha. Korosho zikishauzwa fedha inakuwapo, mvua bado haijakaza, na ndio wakati wa kukoroga zege.

Na kwa kila mzee anayekaa peke yake awepo jirani mmoja mwenye ufunguo wa pili. Wazee hujifungia kwa komeo la ndani kwa hofu ya wezi, nao wakianguka hakuna awezaye kuingia. Wakubaliane ishara, dirisha likifunguliwa asubuhi maana yake ni mzima. Likiwa halijafunguliwa saa mbili, jirani abishe hodi. Simu ndogo ya vitufe ivaliwe shingoni kwa kamba, maana simu iliyo mezani haimfai aliyelala sakafuni.

Tulipokuwa kazini hatukumaliza kipindi bila zoezi, na mazoea hayaachi. Zoezi la mwezi huu ni hili. Kila mmoja wetu aende kwa mzee mmoja, wa kwake au wa jirani, apige hodi, aamkie, aketi kwanza, azungumze, asiingie na kamba ya kupimia kama bwana mpimaji. Kisha amwombe ruhusa, amwulize ni wapi katika nyumba hii anapoogopa kupita. Apime hapo, aandike katika karatasi: kimo cha ngazi, cha kitanda, cha kizingiti, upana wa mlango wa choo na unakofungukia. Karatasi wapewe wazee wa kanisa kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Asiyejua kuandika na amtume mjukuu.